Kilo Tisa Bila Ishara

Chuoni, bweni la wasichana
Alhamisi, 5 Februari

Baba,

Shikamoo. Dereva wa lori la mitungi ya hewa amenipa muda wa kumaliza kikombe kimoja cha chai, naye anainywa hiyo chai pale ngazini, kwa hiyo usishangae mwandiko. Kila Alhamisi anapakia mitungi jirani na chuo, Ijumaa asubuhi anaipeleka hospitalini kwenu, Jumapili anarudi. Huku simu wanatunyang'anya getini mpaka muhula uishe, na huko wodini nasikia hazishiki. Basi huyu ndiye posta wetu. Ukimwona mchekee.

Baba, hesabu zinanishinda. Mtihani wa pili ni Ijumaa ya tarehe 27 na mwalimu ametangaza kwamba karibu wote utakuwa thamani kamili. Anayeanguka anafungasha godoro siku matokeo yanapobandikwa. Hakuna kurudia, hakuna kwenda kumlilia mkuu wa chuo. Muhula uliopita waliondoka hivyo hivyo, na mmoja wao alikuwa anakereza vyuma vizuri kutushinda wote.

Mashineni simwogopi mtu. Nipe chuma, nitakupa shafti. Lakini mwalimu akichora ubaoni vile vistari viwili vilivyosimama, |x|, akili yangu inatoka nje kuzurura. Anasema, "Vinaondoa ishara." Nikamuuliza vinaiondoa kwa nini, akasema, "Kwa sababu ndiyo kazi yao." Hilo nalo ni jibu? Wewe umefundisha hesabu maisha yako yote. Nifundishe kwa barua, maana nikirudi nyumbani na godoro sina pa kuanzia tena.

Uliniuliza kupitia kwa shangazi, alipopita huku, mtihani wa kwanza nilikuwa umbali gani na mstari wa kufaulu. Mstari ni hamsini. Nilikuwa umbali wa alama kumi na mbili.

Na wewe je? Ulipopokelewa ulikuwa na kilo sitini na nane, nilisimama pale kando ya mizani. Niambie uzito wa sasa. Usinifiche, sheria ya nyumba unaijua.

Mwanao,
Bisibisi


Hospitalini, wodi ya wanaume
Jumamosi, 7 Februari

Bisibisi,

Marahaba, mwanangu. Dereva wako nimemchekea mpaka akadhani homa imepanda kichwani.

Alama kumi na mbili juu ya mstari, na bado unalia? Nimeitangazia wodi nzima. Jirani yangu wa kitanda cha dirishani ni kinyozi, amenyoa watu tangu ujana wake na haamini kichwa chochote mpaka akishike. Amesema hicho chenye sitini na mbili angependa kukinyoa mwenyewe.

Haya, tusome. Mwalimu wako hakukosea, ila amekuanzishia mwisho. Vistari visahau kwanza. Simama kwenye geti la nyumbani. Geti ni sifuri. Kulia, njia ya dukani, ni chanya. Kushoto, njia ya kwa fundi viatu, ni hasi. Ukitembea hatua saba kulia uko kwenye saba. Ukitembea saba kushoto uko kwenye hasi saba. Nikikuuliza uko wapi, lazima utaje upande. Nikikuuliza uko mbali kiasi gani na geti, unasema saba, tumemaliza. Thamani kamili ni hiyo tu: umbali wa namba kutoka sifuri. |7| ni 7, na |−7| ni 7. Haiwezi kuwa hasi, maana sijaona mtu aliye umbali wa hasi saba kutoka kwake. Na inakuwa sifuri mahali pamoja tu, ukiwa umesimama getini penyewe.

Kitabu kitaiita fankisheni ya thamani kamili. Usitishike. Ni mashine kama yako ya kukereza. Unaingiza namba, inatoa namba. Ukiingiza chanya, inaitoa vilevile ilivyo. Ukiingiza hasi, inaitoa imevuliwa ile hasi. Ukiingiza sifuri, inakurudishia sifuri yako. Fanya mazoezi ishirini ya namna hiyo kabla hujalala, na mwenzako wa chumba akuulize maswali badala ya kulia na wewe.

Umeuliza uzito. Umebadilika kwa kilo nne tangu nifike hapa. Sheria ya nyumba naikumbuka kuliko wewe: anayedanganya anaosha vyombo. Mimi mwenyewe niliosha wiki nzima kwa ajili ya sigara moja niliyoikana mbele ya marehemu mama yako. Ubaya wa barua ni kwamba sikuoni sikio. Tangu ulipofungua redio yangu kwa bisibisi ukasema ilifunguka yenyewe, ukidanganya unajikuna sikio la kushoto.

Baba yako


Chuoni
Alhamisi, 12 Februari

Baba,

Shikamoo. Kilo nne! Nimeisoma mara mbili nikamsomea na mwenzangu wa chumba. Wanakulisha nini huko? Nilipokuacha shati lilikuwa linaning'inia mabegani kama liko kwenye kamba, nikarudi chuoni moyo mzito. Sasa waambie waendelee hivyo hivyo, na mkanda nitakutobolea tundu jipya mwenyewe.

Geti nimelielewa. Mazoezi ishirini nimefanya, nimekosa moja, nalo nilisinzia. Lakini jana mwalimu ameandika hivi: |x| = −x. Akazungushia duara, akaenda zake. Wewe umesema haiwezi kuwa hasi, yeye anaandika hasi waziwazi. Mmoja wenu anaosha vyombo.

Kingine kilichonipata ni cha aibu. Mkuu wa karakana alitupa shafti za kupima. Kila moja inatakiwa iwe na kipenyo cha milimita ishirini, na tuandike imetofautiana kwa kiasi gani. Nikapima vizuri, nikaandika vizuri: sifuri nukta tatu, sifuri nukta moja, sifuri nukta mbili. Akaja akasoma, akainua ile ya nukta tatu, akaniuliza mbele ya wote, "Hii inarudi mashineni au inakwenda kwenye chakavu?" Nikatazama daftari langu. Sikuwa nimeandika kama imezidi au imepungua. Akasema, "Ikizidi tunaikereza tena mpaka ikae sawa. Ikipungua haina dawa, chuma kilichokwisha kutoka hakirudishwi. Wewe umenipimia nusu." Nikarudia zote huku wenzangu wamekwenda kula.

Baba, sioni nikipona kwenye huu mtihani. Mchana najifanya jasiri, nikishika kalamu nafuta kuliko ninavyoandika. Mwenzangu wa chumba ameshaanza kukunja nguo zake, anasema bora ajizoeze. Nikimwona hivyo nami natamani nizikunje zangu yaishe.

Kuhusu hicho kichwa, mwambie Kinyozi asubiri kwanza.

Bisibisi


Hospitalini
Jumamosi, 14 Februari

Bisibisi,

Mwandiko huu ni wa Kinyozi, maneno ni yangu. Leo mkono umegoma. Akiongeza la kwake nitalijua, maana ataweka neno "kipara" mahali fulani.

Hakuna wa kuosha vyombo, mwalimu wako yuko sawa na mimi niko sawa. Ile hasi iliyo mbele ya x haisemi kwamba jibu ni hasi. Inasema: geuza upande. Kama x yenyewe ni hasi saba, basi −x ni saba. Umegeuza kilichokuwa kimegeuka. Kwa hiyo x ikiwa chanya au sifuri, |x| ni x. X ikiwa hasi, |x| ni −x, na hiyo −x ni chanya. Soma tena polepole. Wanafunzi wangu wengi waliangukia hapo, na wengi walinyanyukia hapo hapo.

Sasa ichore. Upande wa kulia mstari unapanda, upande wa kushoto nao unapanda, na mistari hiyo miwili imekutana chini kwenye sifuri, ncha kali kama kitabu kilichofunguliwa kikasimamishwa kwa mgongo. Pande mbili zinafanana kabisa, kwa kuwa |x| na |−x| ni kitu kimoja. Ukipewa |x − 3| + 2, usichore upya. Chukua kitabu hicho hicho, kisogeze hatua tatu kulia, kinyanyue mbili juu. Ncha inakaa kwenye 3 na 2, na grafu haishuki chini ya 2 hata umbembeleze. Na |a − b| ni umbali kati ya a na b. Ni sawa na |b − a|, maana kutoka kwangu kuja kwako ni njia ileile ya kutoka kwako kuja kwangu.

La mwisho: ukienda hatua tano kulia ukarudi tatu kushoto, miguu imetembea nane lakini uko mbili tu kutoka getini. Umbali wa jumla hauzidi jumla ya umbali. Kinyozi anasema huo ndio wasifu wa maisha yake, na kipara.

Uzito umebadilika kwa kilo tisa tangu nifike.

Sasa zoezi, na hili si la kitabuni. Nimelala hapa naisoma barua yako na kuirudia. Mtu mwenye sitini na mbili haandiki vile. Fungua hii: |x − 50| = 12. Nipe majibu yote, Bisibisi. Yote. Halafu niambie lipi ni lako.

Baba yako


Chuoni
Alhamisi, 19 Februari

Baba,

|x − 50| = 12. Ama x − 50 ni 12, ama x − 50 ni hasi 12. Kwa hiyo x ni 62, au x ni 38.

Langu ni 38.

Sikudanganya. Uliuliza umbali nikakupa umbali. Ukasema sitini na mbili mwenyewe, nami nikakuacha, maana nilijua umeshawatangazia wodini na nikaona haya. Sikujikuna sikio kwa kuwa hakuna uongo nilioutamka. Kama hilo nalo ni la kuosha vyombo, nitaosha.

Nilipomaliza kuandika 38 niliweka kalamu chini nikajisikia mwepesi, mara ya kwanza tangu nije huku. Nikasema afadhali, sasa anajua. Nikachukua barua yako nione kama nimejibu yote. Nikakuta pale: uzito umebadilika kwa kilo tisa.

Baba, |x − 68| = 9. Ama 77, ama 59.

Niliketi kitandani. Nikatoa na barua ya kwanza: umebadilika kwa kilo nne. Hujasema umeongezeka. Hakuna mahali umesema umeongezeka, ni mimi niliyesema. Mimi na mikanda yangu na matundu yangu. Mwandiko wa Kinyozi. Mkono umegoma. Nilimkimbilia dereva akiwa anapakia mitungi, nikamuuliza anaipeleka wodi gani. Akasema siku hizi mmoja anaushusha wodi ya wanaume, kitanda cha pili kutoka dirishani. Nikamuuliza mgonjwa ni nani, akasema, "Yule mzee anayenichekea."

Nipe ishara. Sitaki umbali, nimechoka na umbali. Umezidi au umepungua? Mkuu wa karakana alisema iliyopungua haina dawa. Wewe ndiye uliyenifundisha kusema ukweli, halafu unanipimia nusu kama nilivyopima mimi zile shafti. Nina hasira na wewe, na naogopa.

Huku anayetoka getini kabla ya mtihani amejifuta mwenyewe. Mimi naona bora nijifute. Ukijibu hasi, Jumapili hiyo hiyo natoka.

Bisibisi


Hospitalini
Jumamosi, 21 Februari

Mwanangu,

Leo naandika mwenyewe, hata kama itachukua siku nzima.

Hasi.

Hasi tisa, na nadhani sasa ni kumi, wameacha kunipandisha mizani. Ni mapafu. Mtungi wa dereva wako ni wangu, umesimama hapa kichwani unanong'ona. Daktari ni kijana mpole, nilimwomba asinizungushe naye hakunizungusha. Nilifanya ulivyofanya wewe. Uliuliza, nikajibu kilichoulizwa, ishara nikaimeza. Nilijiambia kwamba sijavunja sheria. Mimi na wewe tumeishi nyumba moja, tumejifunza ujanja mmoja.

Usidhani nilifanya kwa ushujaa. Nilikuwa na hofu. Nilijua ukipata habari utatupa kila kitu uje, na mimi nitakufa nikijua ndiye niliyekutoa kwenye mashine yako. Hilo silitaki, Bisibisi. Naogopa kufa, sikufichi, asubuhi nikiamka naogopa. Lakini hilo la pili naliogopa zaidi.

Thelathini na nane haijanishtua. Kutoka thelathini na nane mpaka hamsini ni hatua kumi na mbili kwenda kulia, na unajua kutembea. Barua yako ilifungua ile |x − 68| bila mtu kukuambia uifungue. Aliyefanya hivyo ameshaelewa. Mtihani hauna kitu kigumu kuliko hicho ulichokifungua ukiwa peke yako kitandani.

Ukitoka getini kabla ya tarehe 27 nitakugeuzia uso ukutani, na nguvu ya kugeuka bado ninayo. Fanya mtihani, kisha njoo. Unataka niseme nitakungoja. Siwezi kusema hivyo, mimi sidanganyi. Nasema nitajitahidi.

Baba yako


Hospitalini
Jumamosi, 21 Februari

Bisibisi,

Ni mimi shangazi yako. Barua hii nimempa dereva aiweke mfukoni mbali na ile ya baba yako, usimwambie.

Mimi hesabu zenu sizijui. Ninachojua ni kwamba hajala tangu juzi, na maji anakunywa kwa kijiko. Ameandika kuanzia asubuhi mpaka jua limegonga kitanda cha Kinyozi. Akiandika mstari analala, akiamka anaandika mwingine. Amekuambia usije. Mimi ni dada yake mkubwa, nilimbeba mgongoni huyu, na mimi nakuambia njoo. Chuo kitakuwepo. Akikugeuzia uso ukutani nitamgeuza mimi.

Shangazi yako


Chuoni
Alhamisi, 26 Februari

Baba,

Jumapili nimefungasha. Jumatatu nimefungua. Jumanne nimefungasha tena nikafika mpaka getini na godoro kichwani, mlinzi akanitazama, akasema, "Ukivuka hapa jina lako nalipiga mstari." Nikasimama. Nilisimama pale kwenye sifuri kabisa, Baba, kulia wewe na kushoto wewe, maana kila upande nilioutazama ulikuwa wewe. Nikirudi ndani nakutii, nikitoka nakuona. Nikalia mbele ya watu bila haya. Mwishowe nikarudi ndani kwa sababu nilikuona umegeukia ukuta.

Sijui kama nimefanya vizuri. Kama nimekosea nitalibeba hili mpaka uzeeni, na sitaweza kumlaumu mtu.

Nimemwomba dereva angoje mtihani uishe. Amesema mitungi haingoji, na akaniangalia kwa namna ambayo ilinifanya nisirudie kuomba. Kwa hiyo barua inatangulia. Mimi nikiweka kalamu chini nachukua gari la abiria, Jumamosi niko kwako. Ukiisoma hii jua niko njiani. Kunywa maji. Mwache shangazi akulishe, usibishane naye. Mwambie Kinyozi akusimulie vichwa vya watu usisinzie sana.

Nakuomba ungoje. Najua huwezi kuahidi. Mimi naomba tu.

Bisibisi


Chuoni
Alhamisi, 12 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Nimefika salama, wenzangu wamenipokea vizuri. Nilipotoka kwenu baada ya mazishi nilikuwa sijakuambia jambo, na njia nzima limenikereketa. Nakuandikia kwa kuwa sina mwingine wa kumwandikia, na kwa mazoea dereva alisimama pale ngazini akiningoja nilete barua.

Unakumbuka Jumamosi ile nilipoingia wodini na vumbi langu, wewe ukatoka mbio kumtafuta daktari. Tulibaki yeye na mimi, Kinyozi alijifanya amelala. Baba akaivuta barakoa ya hewa kando. Nilidhani atasema umefika. Akasema, "Umbali gani na mstari?" Nikamwambia, "Sijui, Baba, matokeo bado." Akapumua kwanza, kisha akauliza, "Ishara je?"

Shangazi, nilikuwa najua nimeanguka. Swali la mwisho lilikuwa la grafu, |x − 3| + 2 ile ile aliyonifundisha yeye, imebadilishwa namba tu. Nilichora upande wa kulia, nikaangalia saa ya ukutani, nikafikiria lori limeshafika wapi, mkono ukasimama. Upande wa kushoto sikuuchora. Nikakusanya vitu vyangu nikatoka nikijua nimeacha nusu ya grafu na nusu ya maisha yangu mle ndani.

Lakini alikuwa ananitazama. Amekuwa mdogo pale kitandani, mikono imebaki mifupa, ameshikilia pumzi ili asikie jibu. Nikasema, "Chanya, Baba." Akafumba macho akatabasamu, akanishika mkono. Jumapili asubuhi akaondoka.

Nilimdanganya. Mtu ambaye hata akiwa anakufa alikataa kuniambia atangoja, kwa sababu hakuwa na uhakika, mimi nikamwangalia usoni nikamdanganya. Alikwenda akiamini.

Leo wamebandika matokeo. Nilikwenda wa mwisho, godoro nimeshalikunja. Mwalimu alikuwa amesimama pale ubaoni, akasema ile grafu ya upande mmoja ameihesabia nusu yake. Nimepata hamsini. Siyo hamsini na moja. Ni hamsini kamili, Shangazi, nimesimama juu ya mstari wenyewe. Umbali wangu ni sifuri. Nabaki chuoni, mashine yangu ni yangu. Wenzangu wamenirusha juu, na mimi nilichokuwa nafikiria ni kwamba sifuri haina ishara. Namba zote zina upande wa kulia au wa kushoto, hiyo peke yake haina. Sikuwa hasi nilivyoogopa. Wala sikuwa chanya nilivyomwambia. Nimejaribu kila njia nione kama kwa hesabu nilisema kweli, na haitoki.

Sina wa kumwomba msamaha. Ndiyo maana nimekuambia wewe.

Bisibisi


Nyumbani
Jumamosi, 14 Machi

Bisibisi,

Marahaba. Nimefurahi kwamba unabaki. Hayo ya sifuri nimeyasoma mara mbili na bado hayajaniingia, kwa hiyo nitasema ninalolijua.

Jumamosi ile niliporudi na daktari, wewe ulitoka kwenda kuchota maji ya moto. Baba yako akaniita kwa kidole nisogeze sikio. Akaniambia, "Bisibisi amenidanganya. Amejikuna sikio." Halafu akacheka, Bisibisi, yule ambaye hakuwa hata na pumzi ya kukohoa. Alicheka mpaka nikamrudishia barakoa mwenyewe, na Kinyozi naye anacheka chini ya shuka. Nilimuuliza kama nikuite umwambie ukweli. Akatikisa kichwa. Akasema, "Mwache. Mwambie tu sheria ya nyumba anaijua."

Nilinyamaza siku zile za msiba kwa kuwa sikujua anamaanisha nini na ulikuwa umevunjika vya kutosha. Sasa nimejua.

Kikombe chake na ile sahani yake ya bati nilivileta kutoka wodini. Niliviweka kwenye beseni, na kila nikitaka kuviosha mkono unakataa. Viko hapa jikoni, na kijiko. Ukifunga chuo njoo uvioshe.

Shangazi yako